Sumaku inavyoua umeme usiopotea, na jinsi utando mwembamba unavyoikwepa

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 5 Septemba mwaka 2021, wahandisi waliokesha katika maabara moja ya Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, mjini Cambridge nchini Marekani, walikuwa wakiitazama namba moja ikipanda taratibu. Namba hiyo ilipofika tesla 20, kazi ya miaka mitatu ilikuwa imezaa matunda. Sumaku waliyoijenga ilikuwa na nguvu zaidi ya mara laki sita ya ile ya dunia, inayogeuza sindano ya dira karibu na ikweta. Mashine ya MRI inayotumika hospitalini kuchunguza ubongo au uti wa mgongo kwa kawaida huwa na tesla 1.5 au 3.

Ndani ya sumaku hiyo mlizungushwa utepe wa metali wenye urefu wa kilomita 267, karibu sawa na mwendo wa barabara kutoka Nairobi hadi Arusha. Lakini sehemu kubwa ya utepe huo ni vifuniko na viegemeo tu. Kinachoubeba umeme ni utando mmoja uliolazwa ndani yake, wenye unene wa maikromita moja au mbili hivi, mwembamba mara nyingi kuliko unywele wa binadamu. Utando huo ni superkondakta, yaani kitu ambacho kikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Mkondo ukishaanzishwa ndani yake, hauchoki na hauzalishi joto.

Hapo ndipo penye kitendawili. Tangu mwanzo wa karne iliyopita inajulikana kwamba adui mkubwa wa hali hii, baada ya joto, ni sumaku. Uga wa sumaku ukizidi kiwango fulani, umeme usiopotea hufa na ukinzani hurudi. Utando wa Cambridge ulikuwa ukizalisha wenyewe uga ambao ungeweza kuuua, na bado ukaendelea kufanya kazi. Kuelewa jinsi ulivyoponea ni kuelewa kwa nini, katika vitu vyembamba, swali la "sumaku ina nguvu kiasi gani" halitoshi. Sharti liulizwe pia: "inatoka upande gani?"

Ndoto iliyovunjika Leiden

Mwaka 1911, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes na wasaidizi wake walipoza zebaki kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 269 chini ya sifuri kwa kipimo cha selsiasi. Ghafla ukinzani wa zebaki ukatoweka. Hawakuamini macho yao. Walidhani kuna waya uliogusana na mwingine. Walirudia vipimo mpaka ikawa hapana shaka.

Onnes aliona mara moja faida iliyo mbele yake. Waya wa shaba ukizungushwa kuwa koili na kupitishiwa mkondo mkubwa hutoa sumaku yenye nguvu, lakini pia hutoa joto la kuweza kuuyeyusha. Waya usio na ukinzani hauna tatizo hilo. Kufikia mwaka 1913, mwaka aliotunukiwa Nishani ya Nobel, alikuwa tayari akizungumzia sumaku ya tesla 10 isiyohitaji kiini cha chuma wala mtambo mkubwa wa kuipoza. Akatengeneza koili ya risasi, metali ambayo nayo hupoteza ukinzani katika baridi hiyo, na kuipitishia mkondo. Kabla ya kufika hata sehemu moja ya mia ya ndoto yake, ukinzani ukarudi. Koili ilikuwa imeuawa na sumaku yake yenyewe. Sumaku iliyo nyuma ya spika ya redio ya kawaida ingetosha kufanya kazi hiyo.

Sababu ilianza kueleweka mwaka 1933, wakati Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walipogundua mjini Berlin kwamba superkondakta huufukuza uga wa sumaku kutoka ndani yake. Inafanya hivyo kwa kuzungusha mikondo midogo kwenye ngozi yake, mikondo ambayo huzalisha uga wa kinyume na kuufuta ule wa nje. Kazi hiyo ina gharama ya nishati, na gharama hupanda kadiri sumaku ya nje inavyoongezeka nguvu. Superkondakta ni kama mfanyabiashara anayelipa ushuru: ipo faida katika kuwa superkondakta, lakini ushuru ukizidi faida, biashara hufungwa. Kwa risasi safi, biashara hufungwa kwenye tesla 0.08 hata katika baridi kali kuliko zote. Kwa aluminiamu ni tesla 0.01 tu.

Miaka miwili baadaye ndugu wawili, Fritz na Heinz London, waliokuwa wameikimbia Ujerumani ya Wanazi na kupata hifadhi Oxford, waliandika hesabu za ngozi hiyo. Uga haukomi ghafla kwenye uso wa metali. Hupenya kidogo, ukififia, mpaka unapotoweka. Kina hicho cha kupenya ni kidogo mno. Katika risasi ni nanomita 40 hivi, na katika superkondakta nyingine hufika mamia ya nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Swali likazaliwa lenyewe: itakuwaje ikiwa kitu kizima ni chembamba kuliko ngozi hiyo?

Bati katika upepo

Jibu linategemea upande. Mtu aliyewahi kubeba bati la nyumba siku ya upepo anafahamu jambo hili bila kufundishwa. Akiligeuza ubavu, ukingo wake ukikabili upepo, upepo hupita juu na chini yake na yeye huendelea na safari. Akilisimamisha likakabili upepo kwa uso wake wote, litamng'oa mikononi.

Utando wa superkondakta uko vivyo hivyo. Uga wa sumaku ukienda sambamba nao, yaani ukipita kama upepo kwenye ubavu wa bati, utando hauna nafasi ya kuzungusha mikondo ya kuufukuza. Mikondo hiyo ingelazimika kwenda upande wa juu na kurudi upande wa chini, na katikati hakuna unene wa kutosha. Kwa hiyo uga hupita karibu wote bila kuzuiwa. Utando haufukuzi chochote, na kwa kuwa haufukuzi, haulipi ushuru. Nadharia inaonyesha kwamba kadiri utando unavyokuwa mwembamba, ndivyo unavyostahimili uga sambamba mkubwa zaidi, na vipimo vimethibitisha hilo. Katika miaka ya 1970, Robert Meservey na Paul Tedrow wa MIT walitumia tando za aluminiamu zenye unene wa nanomita chache tu, zikabaki superkondakta katika uga wa tesla kadhaa. Aluminiamu hiyo hiyo, ikiwa ni kipande kinene, hufa kwenye tesla 0.01. Unyonge wa wembamba uligeuka kuwa ngao.

Uga ukija wima, ukiukabili uso wa utando, mambo hugeuka kabisa. Sasa utando ungetakiwa kuisukuma pembeni mistari yote ya uga inayoangukia eneo lake zima, na kuipitisha kwenye kingo. Kwenye kingo hizo mistari hubanana na uga huwa mkali mara nyingi kuliko ulivyo mahali pengine. Utando hauwezi kuhimili. Uga hudogo tu hutosha kuvunja ulinzi na kuingia.

Lakini hauingii kama mafuriko. Huingia kwa vishimo.

Visulisuli

Kisa cha vishimo hivyo kina huzuni ndani yake. Katikati ya miaka ya 1930, mjini Kharkiv, katika Ukraine ya sasa, mwanafizikia Lev Shubnikov alipima superkondakta za mchanganyiko wa metali akaona kwamba hazina kikomo kimoja cha sumaku bali viwili. Chini ya kikomo cha kwanza zinafukuza uga wote. Juu ya cha pili zinakufa. Katikati ya vikomo hivyo uga unaingia kiasi, na bado umeme unapita. Mwaka 1937 Shubnikov alikamatwa na polisi wa Stalin na kupigwa risasi. Kazi yake ilibaki bila mtu wa kuiendeleza.

Maelezo yalitolewa Moscow mwaka 1957 na Alexei Abrikosov, ambaye baadaye, mwaka 2003, alipata Nishani ya Nobel kwa kazi hiyo. Alionyesha kwamba uga huingia ukiwa umegawanyika katika mirija myembamba, na kila mrija umezungukwa na mkondo wa umeme unaozunguka kama upepo wa kisulisuli unaozungusha vumbi barabarani wakati wa kiangazi. Kwa Kiswahili vinaweza kuitwa visulisuli. Katikati ya kila kimoja pana kiini chembamba ambapo hali ya superkondakta imekufa. Nje ya kiini hicho iko hai. Kila kisulisuli hubeba kiasi kile kile cha sumaku, hakipungui wala hakizidi, iwe ni katika niobiamu, risasi au kitu kingine chochote. Visulisuli husukumana, na vikiwa vingi hujipanga kwa mpangilio wa pembetatu, kama machungwa yaliyopangwa sokoni. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Stuttgart, Uwe Essmann na Hermann Träuble, walinyunyiza chembe ndogo sana za chuma juu ya superkondakta, chembe zikaenda kutua juu ya viini, na picha ya mpangilio huo ikaonekana kwa macho.

Katika utando mwembamba kisulisuli hubadilika tabia. Aliyeonyesha hilo mwaka 1964 ni Judea Pearl, wakati huo mtafiti kijana nchini Marekani. Jina lake leo linajulikana zaidi kwa mambo mengine kabisa: mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Turing kwa mchango wake katika akili mnemba. Pearl alibaini kwamba mikondo ya kisulisuli inapokosa unene wa kujificha, hutanuka upande. Katika utando wenye unene wa nanomita 10, ambao kina chake cha kawaida cha kupenya ni nanomita 150, mkondo wa kisulisuli husambaa hadi maikromita 4.5, yaani mara 30 ya kina hicho. Mbali na hapo hufifia polepole mno. Kila kisulisuli humhisi jirani aliye mbali, na vyote kwa pamoja huwa kama umati uliobanana, ambapo mmoja akisukumwa, wengine hujongea.

Uga unaohitajika kuviingiza ni mdogo kiasi cha kushangaza. Sumaku ya dunia karibu na ikweta ina maikrotesla 30 hivi, yaani sehemu 30 za milioni za tesla moja. Utando ukipozwa huku ukiukabili uga huo kwa uso wake, kila milimita moja ya mraba inaweza kunasa visulisuli zaidi ya 14,000. Hivyo basi, hata bila sumaku yoyote chumbani, dunia yenyewe inatosha kuutoboa.

Kutoboka peke yake si msiba. Msiba huanza visulisuli vinapotembea. Mkondo wa umeme unaopita kwenye utando huvisukuma kwa pembe mraba, kama mto unaosukuma magogo kuelekea ukingoni, na kila kinapojongea huchota nishati kutoka kwa mkondo huo na kuigeuza joto. Kwa mtu aliyeshika kipima umeme nje, hilo huonekana kama ukinzani uliorudi. Utando bado ni superkondakta karibu kila mahali, ila haufanyi tena ile kazi iliyotarajiwa.

Wajenzi wa kompyuta za kwantamu wanaujua usumbufu huu vyema. Saketi nyingi za kompyuta hizo ni tando za aluminiamu au niobiamu zilizolazwa juu ya bamba la silikoni au yakuti, na kisulisuli kimoja kikitua mahali pabaya kinaweza kuharibu ishara. Ndiyo maana vifaa hivyo hufunikwa kwa vyombo maalumu vya kuzuia sumaku kabla ya kupozwa. Njia nyingine ni kuukata utando kuwa vipande vyembamba. Ukanda ukiwa mwembamba vya kutosha, kisulisuli hakipati pa kukaa. Kwa uga wa maikrotesla 30, hesabu ya makadirio inatoa upana wa maikromita 8 hivi. Ukanda mwembamba kuliko hapo hubaki safi. Kwenye maeneo mapana wahandisi hutoboa matundu madogo makusudi, ili visulisuli vinaswe humo badala ya kuzurura. Vihisi vinavyoweza kutambua chembe moja ya mwanga, ambavyo ndivyo vilivyopokea ishara za leza kutoka chombo cha anga cha Psyche mwaka 2023, vimetengenezwa kwa nyuzi zenye upana wa takriban nanomita 100 tu, kwa hiyo sumaku ya dunia haivisumbui.

Kikomo kingine kilichofichika

Inaweza kudhaniwa kwamba utando mwembamba sana, ukiwekwa sambamba na uga, ungestahimili sumaku ya nguvu yoyote. Sivyo. Ipo njia ya pili ya sumaku kuua hali hii, na hiyo haijali unene.

Umeme usiopotea hubebwa na elektroni zilizofungamana mbili mbili, kama walivyoeleza John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer mwaka 1957. Kila elektroni ni kisumaku kidogo, na katika jozi ya kawaida visumaku hivyo viwili huelekea pande kinyume, kimoja juu, kingine chini. Uga wa sumaku hutaka vyote vielekee upande mmoja. Ukiwa na nguvu ya kutosha, huitengua ndoa hiyo. Mwaka 1962 Albert Clogston na B. S. Chandrasekhar, kila mmoja kivyake, walikadiria kikomo: takriban tesla 1.84 kwa kila kelvini moja ya joto ambalo utando huanza kuwa superkondakta. Tando za aluminiamu za Meservey na Tedrow zilifika karibu na kikomo hicho, na kifo chao kilikuwa cha aina hiyo hasa.

Kwa muda mrefu kikomo hicho kilichukuliwa kama ukuta. Miaka kumi iliyopita ukuta umeonekana kuwa na milango. Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba niobiamu iliyochanganyika na seleniamu, ikiwa imechanwa hadi kubaki tabaka moja la molekuli, inabaki superkondakta katika uga sambamba unaozidi mara sita ya kikomo hicho. Mpangilio wa atomi zake huvibana visumaku vya elektroni vielekee juu au chini ya tabaka, kama misumari iliyopigiliwa kwenye ubao, kwa hiyo uga unaotoka ubavuni hushindwa kuvigeuza. Mwaka 2021 watafiti wa MIT walionyesha kwamba tabaka tatu za kaboni zilizopishanishwa kwa pembe maalumu zinastahimili tesla 10 hivi, mara mbili hadi tatu ya kikomo. Huenda katika kaboni hiyo elektroni zinaoana kwa namna nyingine kabisa, visumaku vyote viwili vikielekea upande mmoja, na kama ni hivyo uga hauna cha kutengua.

Kwa upande mwingine zipo tando ambazo sumaku haiziachi hata kuwa metali za kawaida. Mwaka 1990 Arthur Hebard na Mikko Paalanen wa maabara za Bell nchini Marekani walichukua tando za oksidi ya indiamu, ambazo atomi zake hazina mpangilio wowote, wakaongeza uga wima polepole. Utando uliokuwa ukipitisha umeme bila ukinzani ukageuka kuwa kihami, kitu kinachokataa umeme. Kutoka kilele kimoja hadi kingine, bila kusimama katikati, kwa kuzungusha kitasa cha sumaku. Mjadala kuhusu kinachotokea kwa jozi za elektroni katika hali hiyo haujafungwa hadi leo.

Visulisuli vilivyotiwa nanga

Utepe wa Cambridge ni wa jamii nyingine. Unatokana na kauri iliyogunduliwa mwaka 1987, mchanganyiko wa itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ambayo hupoteza ukinzani kwenye nyuzi 180 hivi chini ya sifuri. Ilileta msisimko mkubwa wakati huo, kwa sababu inaweza kupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ambayo ni rahisi kupatikana, badala ya heliamu ambayo ni adimu. Mashine nyingi za MRI hadi leo hubeba zaidi ya lita elfu moja za heliamu kwa ajili ya koili zake, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazozifanya kuwa ghali kuzitunza. Kwa Afrika Mashariki jambo hili lina sura mbili: hospitali zake hununua gesi hiyo kutoka mbali, ilhali Tanzania, katika bonde la Rukwa, imo kwenye ramani ya heliamu tangu watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walipotangaza ugunduzi wao mwaka 2016.

Kauri hiyo, hata hivyo, huvunjika kama chungu. Haivutwi ikawa waya. Ilichukua miaka mingi kupata njia ya kuilaza kama utando juu ya utepe wa metali unaopindika, chembe zake zote zikiwa zimeelekea upande mmoja. Vilevile visulisuli vyake ni vyepesi kutembea, hasa joto likipanda, na katika uga mkali huwa vingi mno.

Dawa iliyopatikana ni kuuchafua utando makusudi. Katika fani nyingi kasoro ni hasara. Hapa kasoro ni nanga. Kisulisuli hupenda kutua mahali ambapo hali ya superkondakta tayari imeharibika, kwa sababu kiini chake hakilazimiki kuua kitu kipya. Watengenezaji huongeza kwenye mchanganyiko chembe za bariamu na zirkoniamu, ambazo utando unapokua hujipanga zenyewe kuwa vinguzo vyenye upana wa nanomita chache, vikisimama wima toka chini hadi juu. Kila kinguzo hushika kisulisuli kwa urefu wake wote. Mkondo husukuma, lakini kisulisuli hakiondoki. Sumaku imo ndani ya utando, imeutoboa kila mahali, na umeme unapita pasipo kupotea.

Hata hivyo lile suala la upande halikuondoka. Utepe huu hubeba mkondo mkubwa zaidi uga unapokwenda sambamba na uso wake kuliko unapoukabili wima. Katikati ya koili uga kwa sehemu kubwa hupita sambamba na utepe. Kwenye ncha za koili mistari ya sumaku hupinda ili irudi ilikotoka, na hapo huangukia utepe kwa pembe mbaya. Mhandisi anayekadiria mkondo ambao sumaku nzima inaweza kubeba sharti aanzie hapo, kwani sehemu dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua. Wengine hupoza zaidi ili kujipatia akiba. Sumaku ya Cambridge ilipozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, mbali sana chini ya zile 180 ambazo kauri huzihitaji, na sababu ni hiyo: katika baridi hiyo visulisuli hushikika imara zaidi.

Nia ya kazi yote hii ni myeyungano wa nyuklia, yaani kuunganisha viini vya atomi nyepesi kama inavyotokea ndani ya jua, ili kupata nishati. Gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi milioni mia moja haiwezi kuwekwa ndani ya chombo chochote. Inaweza tu kuning'inizwa kwa sumaku. Sumaku ikiwa na nguvu zaidi, mtambo unaweza kuwa mdogo zaidi, na ndiyo maana tesla 20 zilitafutwa kwa bidii. Kampuni ya Commonwealth Fusion Systems, iliyoshirikiana na MIT katika jaribio hilo, inajenga mtambo uitwao SPARC katika mji wa Devens, jimboni Massachusetts. Utazungukwa na koili 18 za aina hiyo.

Baada ya kufika tesla 20, wahandisi wa Cambridge walifanya jambo ambalo Onnes asingethubutu. Waliukata umeme wa sumaku makusudi, ikiwa imejaa nguvu, ili waone inavyokufa. Mkondo uliokuwa ukizunguka bila ukinzani ulikuta ghafla ukinzani, na nishati yote iliyokuwamo ikageuka joto kwa sekunde chache. Sehemu kubwa ya koili ilipona. Kona moja iliungua.